Ijumaa Nne za Jafari

Mwanaidi alikuwa ameinama kijitoni chini ya kijiji cha Lukozi, anaosha karoti za kupeleka sokoni, kiroba kilipokuja kikielea na kukwama kwenye mawe mbele yake. Mdomo ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Ubavuni kilikuwa na herufi mbili za rangi ya kijani, J.S., na hakuna mtu pale kijijini asiyezijua. Hivyo ndivyo Jafari alivyotia alama viroba vyake vya viazi, visichanganyike na vya wenzake kwenye lori.

Alikifungua akakuta vitoto vitatu vya paka vimekwisha kufa, na mama yao anapumua kwa shida, mguu wa nyuma umevunjika.

Jafari alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Miaka sita iliyopita, siku eda ya Mwanaidi ilipokwisha, alifika na ndugu wawili wakamtolea vyombo vyake uani, akamwambia kwamba mwanamke asiye na mtoto hana cha kubakia kwenye nyumba ile. Mwanaidi alivuka bonde na godoro kichwani, akarudi kwenye kibanda alichoachiwa na mama yake. Tangu hapo hawakuamkiana. Kila asubuhi akifungua mlango, matuta ya Jafari yalikuwa ng'ambo pale, ya kijani na yamenyooka, pamoja na yale aliyoyachimba yeye na mumewe kwa mikono yao.

Alimfunga paka kwa kitenge akapanda naye pikipiki hadi Lushoto kwa daktari wa mifugo, binti mmoja aitwaye Latifa. Latifa aliufunga mguu kwa vijiti, kisha akamwomba akae na paka mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Yeye mwenyewe alikuwa na mbwa wawili. Akamwonya asimpe jina, kwa sababu ukishampa jina kumwachia ni kazi. Mwanaidi akawa anamwita Mgeni, akijiambia kuwa hilo si jina.

Mgeni alipona. Miezi miwili baadaye alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, anachechemea kidogo tu, na panya aliowaua walikuwa gumzo la majirani. Latifa akapiga simu na habari njema: mwalimu mstaafu wa Mlola, mama mmoja aitwaye Yudith, anaishi peke yake na anamtaka paka hata kesho. Mwanaidi alijibu kwamba mguu bado unamsumbua, wampe muda.

Ulikuwa uongo. Wiki ile alikuwa amesikia sokoni kwamba panya wameingia kwenye ghala la mbegu la Jafari. Alitega sumu, ikaua kuku wake. Alileta paka wawili kutoka Soni, wote wakatoroka. Mvua zilikuwa karibu, na bila mbegu hakuna viazi. Mwanaidi alijua atakuja, akamngoja.

Alikuja siku ya Ijumaa baada ya swala, kofia mkononi. Alimsalimia kwa Kishambaa, onga mshi, kama mtu aliyepita pale jana. Mwanaidi akamwitikia, kisha akampa shikamoo yake, maana alilelewa vizuri, akamtolea kigoda. Jafari alieleza shida yake bila kumtazama usoni. Paka alipochungulia kutoka jikoni alimsifia kuwa ni mzuri, akauliza kamtoa wapi. Hakumtambua hata kidogo.

Mwanaidi akamwambia kampata tu. Akamwambia pia kwamba paka huyu ni mwoga, hawezi kuondoka na mtu asiyemzoea. Kama anamtaka kweli, aje kila Ijumaa na dagaa, akae naye, amlishe kwa mkono wake. Jafari alikubali haraka, na akashukuru.

Basi akawa anakuja. Mzee wa miaka sitini na tano, mwenye kiti chake mstari wa mbele kwenye kila kikao cha kijiji, anashuka bonde na kupanda na kifuko cha dagaa, anachuchumaa kwenye sakafu ya jiko la mwanamke aliyefukuzwa naye, ananyoosha kiganja na kuita paka kwa sauti laini. Mgeni alikuwa akisikia tu kikohozi chake njiani anarukia juu ya dari na kujibana kwenye boriti, hashuki mpaka magharibi. Mwanaidi alikaa mlangoni akichambua maharage. Aliuliza kwa upole habari za ghala. Ijumaa ya pili Jafari alisema panya wamemaliza upande mmoja. Ijumaa ya tatu alisema wamebakiza kidogo, na Mwanaidi akampa pole, akaenda nyuma ya nyumba kusimama peke yake, kwa sababu uso wake ulikuwa unataka kucheka.

Ijumaa ya nne mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili. Jafari hakuchuchumaa. Alisimama katikati ya jiko na dagaa wake.

"Mwanaidi, nimekwisha," alisema. "Nipe huyo paka. Nikuombe vipi?"

Mwanaidi alikuwa ameitayarisha siku hii kwa majuma mengi, na sauti yake ilitoka tulivu kuliko alivyotarajia.

"Paka ni wako, shemeji. Ulimtupa mtoni na watoto wake ndani ya kiroba chako. Ndiyo maana hashuki."

Jafari alitazama juu darini, akalowesha midomo.

"Alikuwa anakula vifaranga."

"Na mimi nilikula nini?"

Jafari alitafuta pa kuweka dagaa, asipaone, akaondoka nao. Mwanaidi alimwangalia akishuka bonde, akiteleza kwenye tope, akishika majani asianguke, na hakuondoa macho mpaka alipomaliza kupanda upande wa pili.

Siku tatu baadaye Latifa alifika bila kupiga simu, amechoshwa na visingizio. Alimshusha Mgeni kutoka kwenye boriti, akamgeuza mapajani mwake. Tumbo lote lilikuwa wazi, manyoya yamenyonyoka, ngozi imewiva kwa kujilamba. Mwanaidi hakuwa ameliona. Majuma yote yale hakumtazama paka; alikuwa akimtazama Jafari.

"Hii ni hofu, mama," Latifa alisema. "Kuna kitu kinamtisha humu ndani. Ni nini?"

Mwanaidi alimweleza yote, kiroba, eda, Ijumaa, na hakujitetea. Latifa alisikiliza hadi mwisho.

"Ningekuwa wewe labda ningemchukia zaidi," alisema. "Lakini mimi nilikupa paka, sikukupa fimbo."

Aliomba tenga. Mwanaidi akalitandika kwa kitenge kilekile cha siku ya kwanza, akamweka Mgeni ndani na kufunga kifuniko. Paka alilia mara moja, kisha pikipiki ikawaka na kuelekea Mlola. Jioni yake mwalimu Yudith alipiga simu kusema kwamba amekula, na amejificha chini ya kitanda. Baada ya wiki mbili alipiga tena: sasa analala juu ya kitanda, na manyoya yameanza kuota. Mwanaidi alimshukuru, akakaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata.

Mwaka ule Jafari alipanda nusu tu ya matuta yake. Mengine yaliota magugu, na yaliyokaa wazi zaidi yalikuwa yale ya juu, aliyoyachimba Mwanaidi na mumewe. Watu walimpa pole sokoni. Mwanaidi hakumpa. Kwa ajili ya paka alijuta, na alijua atajuta siku nyingi. Lakini asubuhi, akitoka na kikombe chake cha chai kwenye nyumba iliyokuwa kimya, alivuta kigoda, akayaelekea yale magugu ya ng'ambo, akanywa polepole mpaka chai ikaisha.