Nyama ya Kusaga Kwenye Kona ya Pili

Bron alifundisha hesabu miaka thelathini, na alipostaafu hakuacha kusahihisha watu. Yeye ndiye kiongozi wetu. Kila Jumamosi saa moja asubuhi tunaondoka kwenye lango la hifadhi, watu kumi na mmoja wa rika la kucheza na wajukuu, tumevaa nguo za kubana zisizotusitiri hata kidogo. Tunapita porini katikati ya mikaratusi, tunapanda, tunashuka, tunapanda tena, mpaka duka la mikate lililo upande wa pili wa vilima. Mlima mbaya kuliko yote njiani tunauita Ukuta. Anayetangulia kufika juu huwangoja wenzake, maana kwetu haachwi mtu. Lakini Bron aliona kungoja kumezidi, akatunga sheria: ukiwa wa mwisho kupanda Ukuta Jumamosi tatu mfululizo, unahamia kundi la saa mbili na nusu. Hao wanaendesha huku wakipiga soga, na wakiona koala mtini, yule mnyama wa manyoya anayesinzia mchana kutwa, wanashuka kumtazama kana kwamba hawajazaliwa hapa Adelaide.

Mimi, Merv Pascoe, miaka sitini na nane, nilikwisha kuwa wa mwisho mara mbili.

Kundi la polepole lenyewe halinitishi. Kilichonitisha ni kumkosa Con. Con Theodorou alikuwa na duka la samaki na chipsi, na kwa miaka ishirini na mbili tumeendesha bega kwa bega, yeye akiongea na mimi nikimwambia anatia chumvi. Tangu nilipostaafu posta, ukimtoa dada yangu anayepiga simu Jumapili, hakuna mtu mwingine ninayezungumza naye wiki nzima. Nasema wazi kwa sababu nikificha hamtanielewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Ulikuwa mwezi wa Septemba, wakati magpai wanapolea makinda. Kila mtu hapa anamjua ndege huyo mweusi mwenye mabaka meupe. Miezi kumi ya mwaka anakuimbia uani, na miwili iliyobaki anataka kukutoa jicho. Mmoja alijenga kiota kwenye mkaratusi wa kona ya pili ya Ukuta, pale penye mwinuko mkali ambapo huwezi hata kukimbia. Wenzangu walijihami kama kawaida, kwa kuchomeka kwenye helmeti vile vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya, vikasimama kama miba ya nungunungu. Con alichora macho mawili makubwa kisogoni mwa helmeti yake, ili ndege adhani anatazamwa. Macho yenyewe yalikuwa makengeza.

Mimi nilikuwa tarishi miaka thelathini na moja, na tarishi anajua jambo ambalo walimu wa hesabu hawalijui. Magpai anashika sura. Ukimkosea anakukumbuka miaka, na ukimlisha hakugusi.

Jumatatu nilipanda Ukuta peke yangu, nusu kwa pedali na nusu kwa miguu, na nyama ya kusaga mfukoni. Alinishambulia mara nne. Nilisimama nimeinua uso anione vizuri, nikaweka nyama chini. Jumanne alinishambulia mara moja, kwa kutimiza wajibu tu. Kufika Alhamisi alikuwa anakula mkononi mwangu, na mimi namweleza habari za dada yangu. Najua kulisha wanyama wa hifadhini kumekatazwa. Kibao kipo palepale, nilikiegemezea baiskeli.

Jumamosi tulianza vizuri. Con alikuja ubavuni mwangu.

"Leo vipi, mzee? Umelala? Umekula?"

"Nimekula."

"Kaza basi. Sitaki kuja kuongea na miti peke yangu."

Kwenye kona ya kwanza wakaniacha wote, kama kawaida yao. Con alijaribu kubaki, nikamwambia atangulie. Nikajikokota, nikawa nahesabu pumzi. Halafu nikasikia kelele kule mbele.

Nilipokunja kona ya pili nilikuta watu wazima wametawanyika kama vifaranga. Wawili walikuwa wanarudi chini kwa kasi. Mmoja amejificha chini ya baiskeli yake. Bron alikuwa amesimama katikati ya barabara anampungia ndege chupa ya maji na kumwambia, "Inatosha sasa, nimesema inatosha," kwa sauti ile ya darasani. Ndege hakuwa mwanafunzi wake. Akamvua miwani.

Nikapita katikati yao taratibu nikipiga mluzi. Ndege alinizunguka mara moja, akanitambua, akarudi kazini.

Con alikuwa wa mbele kuliko wote, ameangukia majanini kando ya barabara, kashika sikio, na damu inapita katikati ya vidole. Yale macho ya makengeza hayakumsaidia kitu.

"Merv," akasema. "Simama."

Sikusimama. Nilimwona, nilimsikia, na miguu yangu ikaendelea kuzungusha pedali. Nilijiambia nikifika juu nitamngoja, na kwamba haya yote nayafanya kwa ajili yake. Ukitaka kujidanganya, mlimani ni mahali pazuri, maana huna pumzi ya kujibishana.

Nikawa wa kwanza kufika juu kwa mara ya kwanza maishani. Nilikaa pale kama robo saa, naangalia bonde, na sikuona raha hata ya kijiko kimoja.

Walikuja mmoja mmoja, wamechafuka. Con alikuwa wa mwisho, amefungwa kitambaa cha Bron kichwani kama mtu anayeumwa jino. Hakunitazama.

Bron aliweka mkono begani kwangu. "Jamani, mpeni heko Merv. Sisi tumebabaika wote, yeye katulia na kupanda. Huo ndio moyo."

Walinipigia makofi. Nilikuwa bado natafuta pa kuficha uso wangu ndege alipotua kwenye usukani wa baiskeli yangu.

Watu wakainama na kujifunika vichwa. Yeye hakuwa na habari nao. Aliniangalia mimi kwa jicho moja, akarukia mabega yangu, akateremka mgongoni, akaanza kudonoa mfuko wa nyuma wa jezi.

Bron alichukua muda kidogo tu kupiga hesabu.

"Merv, mfukoni una nini?"

"Ndizi."

"Itoe."

Ukishaulizwa hivyo na mtu aliyekagua mifuko ya watoto miaka thelathini, huna ujanja. Nikatoa kifuko cha nyama ya kusaga. Ndege akashangilia peke yake.

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Yaani wewe," akasema Bron, miwani yake imepinda puani, "ulikwenda kula njama na ndege."

Mtu mmoja akaanza kucheka, wakafuata wengine, na baada ya kicheko hicho nilijua nimesamehewa na wote isipokuwa wawili. Bron alinihukumu palepale: kundi la saa mbili na nusu, kuanzia wiki ijayo, bila rufaa. Con hata kunitukana hakunitukana. Aliendesha mpaka nyumbani akiwa mbele yangu mita hamsini, na katika miaka ishirini na mbili sikuwahi kumsikia akinyamaza hata kwa urefu wa mtaa mmoja. Wiki ile nilishika simu mara tatu nikairudisha mezani.

Jumamosi iliyofuata nilifika langoni saa mbili na nusu. Nilikuta baiskeli za umeme na bibi mwenye mbwa kwenye kikapu. Con pia alikuwepo, ana plasta sikioni, anajaza upepo.

"Umefuata nini huku?" nikamwuliza.

"Nimehama."

"Bron kakuadhibu na wewe?"

"Nimeomba mwenyewe. Goti hili limeniua tangu Pasaka, bwana. Napanda Ukuta nikitaja watakatifu wote."

"Na mbona hukusema?"

"Ningehamaje nikuache? Nilikuwa nakungoja ushindwe." Aliendelea kusukuma pampu. "Ulipokuwa wa mwisho mara ya kwanza nilifurahi kimoyomoyo. Ya pili nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu, bado moja tu, tumepona. Jumamosi ya tatu nikasema nitangulie mbele kabisa nisije nikawa wa mwisho mimi, nikakuharibia. Halafu nakuona unanipita, na mluzi juu."

Wiki nzima nilimfundisha ndege kazi ambayo rafiki yangu alikuwa anaomba isifanikiwe.

"Pole kwa sikio," nikasema.

"Sikio si neno, litapona." Akafunga pampu, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nilikuita, Merv, na ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Basi hilo litanichukua muda."

"Muda gani?"

Akawatazama wenzetu wapya. Walikuwa wamesafiri kama mita mia moja, na tayari walikuwa wameshuka, wamesimama chini ya mti, wameinua vichwa kumtazama koala.

"Sijui," akasema. "Lakini kwa mwendo huu, muda tutakuwa nao."

Akapanda baiskeli, nami nikapanda yangu, nikakaa ubavuni mwake.