Ile ya Satini ya Bluu

Mke wangu hakujua kusoma, na santuri tulikuwa nazo mia tatu na ushee. Hilo peke yake lingetosha kuvuruga nyumba, lakini Phelesia hakuwa mtu wa kuvurugwa. Mimi ni fundi wa nguo hapa Ndhiwa, Mkisii niliyelowea kwa Wajaluo. Kila santuri ilipoingia nyumbani, aliokota kipande cha nguo niliyokuwa nikiishona wiki hiyo, akakishonea kwenye mfuko wake wa karatasi. Basi taarabu ya Mombasa ikawa "kaptura ya Machuki," tenzi zikawa "pazia la pasta," na nyimbo za Kihindi zikawa "suti ya karani." Nyingi tulizipata kwa wachimba dhahabu wa Macalder, Wanyasa, Wakongo, Wakuria na Wazungu wawili watatu, ambao kila walipohama walitafuta wa kuwapunguzia mizigo. Zimo lugha ambazo mpaka leo sijui zinaitwaje. Mungu hakutupa watoto, akatupa kelele za watu wengine.

Phelesia alifariki mwaka wa sitini na saba. Baada ya matanga wanawake wa kwao Sindo walikuja kugawa nguo zake, kama ilivyo desturi yao. Mimi nilikuwa nje na wageni. Niliporudi ndani nilikuta mifuko yote iko uchi. Walidhani vile vitambaa ni vipande vya magauni yake, wakavifumua kwa wembe kimoja kimoja, wakaenda navyo.

Nilikasirika sana. Mtu mwingine angeniambia soma majina kwenye santuri, si unajua kusoma? Lakini mimi majina yake sikuwahi kuyajua. Nilijua kaptura ya Machuki.

Na kuna moja niliyoitaka kuliko zote, ile ya satini ya bluu. Aliipiga kila jioni katika chumba cha nyuma, mimi nikiwa bado dukani mbele. Sikuwahi kuishika kwa mkono wangu. Niliisikia kupitia ukutani, cherehani ikinguruma, nikashika tu kwamba ni wimbo wa taratibu na kwamba anaimba mwanamke. Maneno hayakunifikia. Nilijiambia nikiupata wimbo ule, nyumba itakuwa na mtu tena, hata kama ni kwa dakika tatu.

Basi nikaanza kutafuta. Kila nikifunga duka nilipiga santuri tano au sita. Zenye sauti za wanaume niliziweka kulia, zenye ala tupu nikaziweka chini ya kitanda, na zenye mwanamke nikazirudia. Sindano za gramafoni zikaniishia, nikaenda kuzitafuta Homa Bay. Mwenye duka akacheka, akasema siku hizi watu wananunua santuri ndogo za plastiki, halafu akanipa kibati kimoja chenye vumbi. Nilimaliza wanawake wote. Hakuwamo. Sioni haya kusema kwamba nililia kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Alhamisi moja nilizitoa zile za chini ya kitanda, kwa kukosa kazi tu. Dolphine, mdogo wake Phelesia aliyeolewa Kisegi, akaingia na kikapu cha omena, dagaa wa huku kwetu. Alisimama mlangoni akisikiliza.

"Yuora," akasema, maana ndivyo wanavyomwita shemeji, "kumbe umeipata."

"Nimepata nini?"

"Si hii ndio ile Phelesia alikuwa anapiga jioni?"

"Hii ni magitaa tu, Dolphine. Ile ina mwanamke."

"Huyo mwanamke ni yeye. Alikuwa anaimba juu ya hayo magitaa akisonga ugali."

Nilimwambia hapana, Phelesia hakujua kuimba, miaka kumi na minne tumeketi naye kanisani na mdomo wake umefungwa.

"Kanisani kuna watu," akasema.

Santuri iliisha, ikabaki kukwaruza. Niliiondoa sindano. Nikamuuliza maneno yalikuwaje, ingawa nilianza kuogopa. Dolphine aliweka kikapu chini. Hakuimba, alinitajia tu, akiangalia pembeni.

"Alitunga yeye mwenyewe. 'Jakisii, wacha uzi, ugali inapoa. Jakisii, niko peke yangu huku.' Hivyo tu, inazunguka mpaka mwisho. Alisema ukisikia utakuja."

Jakisii, yaani Mkisii, ndilo jina aliloniita yeye, na hakuna mwingine aliyeniita hivyo. Nilimshukuru Dolphine kwa omena, nikamsindikiza hadi barabarani, nikarudi nikaketi kwenye kile chumba cha nyuma. Niliitwa kila jioni kwa miaka kumi na minne. Nami kila jioni nilikuwa nikimalizia pindo kwanza.