Kumsindikiza Dufie

Boahemaa alikuwa akikaanga bajia za kunde kando ya barabara kuu ya Kumasi lori la nyanya lilipomgonga binti yake mara ya kwanza. Dufie alikuwa anavuka kwenda shule. Lori lilimbeba kwenye bampa hadi mbele ya duka la saruji, likamwangusha, likampanda kwa magurudumu ya nyuma, likaenda zake. Boahemaa alimkuta kichwa kimepasuka, mguu mmoja umebaki nyuma kwenye lami na kiatu chake.

Walimzika Jumamosi. Jumapili jioni Dufie alirudi nyumbani mzima, akauliza kama kuna fufu. Mama yake akampakulia. Jumatatu alivaa sare, akaenda kuvuka, akagongwa na basi la Tamale.

Ikawa hivyo. Asubuhi anagongwa, mwili unalala barabarani mpaka jua liwe kali, kisha haupo tena, na jioni anaingia mlangoni ana njaa. Malori ya magogo yalimkata kiunoni. Mabasi yalimrusha juu ya bati la Nsiah, fundi cherehani, hata Nsiah akawa anaacha ngazi nje. Madereva nao walizoea. "Ni yule yule," walisema, wakawasha waipa kufuta kioo. Likishapita gari lake, watoto wengine walivuka, na hakuna hata mmoja aliyeguswa.

"Unaumia?" Boahemaa alimuuliza jioni moja, akimpaka mafuta ya shea mgongoni.

"Naumia, Mama. Kila mara."

"Basi usiende."

"Na masomo? Sijafika darasani tangu muhula uanze."

Boahemaa akaenda mjini, kwenye ofisi ya barabara, kuomba matuta. Mhandisi alimvutia kiti.

"Mama, matuta tunaweka palipokufa watu wengi," alisema. "Kwenu amekufa mmoja."

"Anakufa kila siku."

"Ndiyo, Mama. Lakini ni yule yule."

Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli.

Kesho yake Boahemaa alimfungia Dufie ndani kwa kufuli, akaenda kwenye bajia zake. Asubuhi hiyo lori lilimchukua Badu, mwana pekee wa Pomaa, mama muuza ndizi wa kibanda cha jirani. Lilimkandamiza kwenye nguzo ya umeme mpaka mbavu zikatokea mgongoni. Dereva alisema hakushika breki kwa sababu alidhani ni Dufie.

Walipotoka kuzika, Pomaa alipika, akaweka sahani mlangoni, akangoja. Badu hakurudi. Kabla wiki haijaisha, Dufie bado amefungiwa ndani, waligongwa mapacha wa katekista, wakiwa wameshikana mikono. Nao hawakurudi.

Majirani walikuja kwa Boahemaa wakiwa na nguo zao nyekundu za msiba. Pomaa alikaa pembeni. Msemaji alikuwa Nsiah.

"Mama Dufie, hatukuja kukuamuru."

"Semeni tu."

"Wako anarudi. Wetu hawarudi."

"Mwanangu anaumia, Nsiah."

"Tunajua, dada."

"Hamjui. Nyinyi mnamwona akirushwa, basi. Hamumsikii akilala amejishika mbavu. Kwa nini hamuendi mjini mkasimame na mimi kwa yule mhandisi?"

"Tumetoka huko. Anasema idadi bado. Tukisubiri itimie, tutabaki na nani?"

Nyuma ya mlango Dufie alikuwa macho, anasikia yote.

"Sawa," Boahemaa alisema mwishowe. "Lakini si mimi nitakayemfikisha pale. Mtamsindikiza nyinyi, kila nyumba kwa zamu yake. Mtamshika mkono mpaka ukingoni. Asiende peke yake kama mbuzi wa kupotea."

Wakatazamana. Nsiah alisema hayo ni haki.

"Naanza mimi," akasema Pomaa.

Alikuja mapema, bado amevaa nyekundu. Dufie alikuwa amekwisha kunywa uji. Boahemaa alimfunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ukingoni mwa lami Pomaa aliushika ule mkono kwa nguvu, zaidi ya ilivyohitajika. Watoto wengine walisimama nyuma yao na mabegi yao. Kwenye mteremko ilitokea semi ya kijani imejaa magunia ya vitunguu.

"Ile haipunguzi mwendo," Dufie alimwambia. "Niachie sasa, shangazi, isije ikakupitia na wewe."

Pomaa akamwachia.

Semi ilimpata kifuani. Ilimkunja, ikamvuta chini, na matairi yakampita moja baada ya jingine, kila moja kwa mlio wake. Damu ilimrukia Pomaa usoni. Alisimama hapo hapo mpaka vumbi likatulia. Kisha akawageukia watoto, akawaambia wavuke upesi.