Siku Niliyokufa Lozells

Wallahi haya yametokea, tena mbele ya watu. Asiyeamini aende Lozells, hapa Birmingham, akaulize, ule ukumbi ulio juu ya duka la nyama.

Norbert Yarrow ni Mkanada, muongozaji wa filamu. Alianza na matangazo ya dawa ya meno, akapanda hadi tamthilia za polisi za televisheni, akawa mtu wa kualikwa kila mahali. Halafu akatoa filamu mbili mfululizo, na zote watazamaji wakatoka katikati. Hii ya Birmingham ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Matajiri wake wa Toronto walikuwa wanatazama kila kitu moja kwa moja, na walishamwambia: tukio hili la msiba lisipotugusa, kesho kazi anashika mwingine.

Akanichagua mimi niwe maiti. "Huyu," alisema, "hana haja ya kuigiza sana."

Nikalazwa kitandani, shuka nyeupe hadi kidevuni. Waliokodiwa kulia ni ndugu zetu Watanzania wa hapa hapa, lakini mbele ya kamera wakalia kistaarabu, leso puani. Yarrow akasimamisha. Wakarudia. Akasimamisha tena. Nilimsikia akizunguka kitanda changu, simu inatetema mfukoni na haipokei. Mara akainama, akaninong'oneza kana kwamba maiti ndiye bosi: "Mzee, sijui kazi nyingine."

Basi nikaamua kumwokoa. Nikazuia pumzi. Nikaizuia mpaka moyo ukasimama, mpaka daktari akanipima akasema, "Huyu kafa kweli." Yarrow akashika kichwa. Filamu imemponyoka, na sasa ameua mzee wa watu!

Hapo Sikuzani akaruka kutoka mstari wa nyuma. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani, na mtani haji msibani kwetu kulia, huja kuuvuruga. Akanikalia kitandani.

"Mnyamwezi mvivu wewe! Umekufa, mizigo yangu nani ataibeba? Na hayo meno ya bandia unaenda nayo wapi? Yaache! Hazikwi mtu hapa mpaka nilipwe!"

Akina mama wakacheka, wakacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, kila mmoja akimlilia wake aliyezikwa mbali bila yeye kuwapo. Msaidizi akataka kusimamisha kamera. Yarrow akainua mkono: acha! Simu ikatetema. Safari hii akaipokea, akasikiliza, akakaa sakafuni. Kazi imebaki yake. Nami kusikia hivyo, nikafufuka.

Hapo ndipo nilipofika jana, nikiwasomea wazee wenzangu kisa hiki, Sikuzani alipotua birika la chai.

"Pumzi gani uliyozuia? Ulikuwa unakoroma!"

"Mimi?"

"Wewe! Yarrow wa watu jasho linamtoka, Toronto nzima inasikia maiti anakoroma. Nimekuja kukuamsha, huamki, ndio nikapiga makelele kuuzima huo mkoromo. Na daktari yupi? Yule alikuwa mpishi, anauliza kama utakula!"

Nikamtazama Ishaka, maana naye alikuwa miongoni mwa waliaji. Akaangalia kikombe chake, mabega yanamcheza kwa kicheko. Wazee wakapiga meza: "Faini! Faini!"

Faini ya mtani haina rufaa. Alitaka koti langu la baridi, na nje theluji inaanguka, na mimi nakaa mbali, Stechford. Nikalivua. Akalivaa pale pale, likamfika visiginoni, kisha akauliza kama na glavu zimo mfukoni.

Zilikuwemo.