Picha Ambazo Mama Alikataza

Mtaani kwetu kaka yangu anaitwa Cheche, kwa sababu ni fundi wa kuchomelea vyuma na kwa sababu anawaka upesi. Asubuhi mke wake aliponipigia simu kwamba ameondoka nyumbani bila kunywa chai, anakwenda kwa mpiga picha, nilimwachia mwenzangu wodi nikatoka mbio na sare yangu ya uuguzi.

Ugomvi wetu na yule mpiga picha ulikuwa na wiki tano. Albamu ya harusi yangu ilikuja na picha mia tatu na ushee. Wakwe walikuwamo, mashangazi walikuwamo, hata bwana mmoja asiyejulikana na upande wowote, aliyefuata chakula tu, alikuwa na picha nne. Mama hakuwamo hata moja. Pengine ningevumilia, ila siku ishirini baada ya harusi mama alianguka bafuni, mshipa wa kichwa ukapasuka, tukamzika. Mpiga picha alishikilia neno moja, kwamba kadi ya kamera iliharibika. Nilimwuliza ni kadi gani hiyo inayochagua mtu mmoja tu wa kumpoteza. Nikamwita mwongo mbele ya wateja wake, akainamisha kichwa.

Nilisikia kishindo kabla sijafika mlangoni. Ndani, vioo vya fremu vilikuwa vimetapakaa sakafuni na pazia la kupigia picha limechanika katikati. Mpiga picha alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya meza, damu ya pua ikichuruzika kwenye karatasi zake nyeupe. Cheche alikuwa amemkandamiza kwa goti mgongoni, na mkono wa kulia wa mpiga picha ameuingiza kwenye kile kikatio cha karatasi chenye kisu kirefu cha mpini.

“Ana vidole kumi,” kaka aliniambia bila kugeuka. “Nitamwuliza mara kumi.”

Nilimsihi amwachie. Nilimshika shati, akanisukuma kwa kiwiko nikajigonga ukutani. Hapo mpiga picha akapapasa kwa mkono wa kushoto, akapata stendi ya kamera, akaizungusha kwa nguvu zake zote. Ilimpata kaka juu ya jicho, nyusi ikapasuka. Cheche akanguruma, akakishusha kisu.

Ncha ya kidole kidogo ilibaki upande wa pili wa meza.

Mpiga picha alipiga ukelele. Nilikimbilia mezani, nikamsukuma kaka pembeni, nikakifunga kile kidole kwa kitambaa changu cha kichwa. Mpiga picha aliinua uso. Akanitazama mimi, si kaka.

“Mama yenu ndiye aliyenikataza,” alisema.

Akanieleza kwa maneno ya kukatikakatika. Mama alimfuata siku ya nne baada ya harusi, amejifunika mtandio hadi shavuni. Alimwomba afute kila picha yenye uso wake, akamwapisha asimwambie mtu. Alimwambia, mwanangu, poda haikuficha kitu, na binti yangu ni muuguzi, siku akitulia akaziangalia hizi picha atajua.

“Ajue nini?” nikamwuliza.

Alimwangalia Cheche tu.

Nikakumbuka kwamba siku ya harusi mama alikuwa amevimba shavu, akaniambia ni jino, nami nikiwa nimezungukwa na wasusi na wapambaji nikalikubali lile jino. Nikamgeukia kaka. Damu ilikuwa inamwingia jichoni na hakuwa anaifuta.

“Kaka, ulimpiga mama?”

“Alininyima ufunguo wa gari,” alisema. “Alisema nimelewa, siwezi kuwabeba maharusi. Lilikuwa kofi moja.”

Sijui ile stendi ya kamera niliiokota saa ngapi. Nilimpiga begani, nikampiga mgongoni, na alipoinua mkono nikaupiga mkono. Nilisikia mfupa ukivunjika, na mimi mifupa naijua. Hakujitetea. Alipiga magoti juu ya vile vioo nami nikaendelea, hadi mpiga picha akanikumbatia kwa nyuma, damu yake ikinilowesha sare.

“Inatosha, dada,” alininong'oneza. “Utaua.”

Niliwapeleka wote wawili hospitali kwetu katika teksi moja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kaka alimwambia daktari kwamba ameanguka kwenye ngazi kazini. Nikamwambia daktari hakuanguka, nimempiga mimi, aandike hivyo. Walijaribu kuishona ncha ya kidole, haikushika. Mpiga picha alifungua kesi, na shahidi wake nikawa mimi. Mashangazi walinijia juu kwamba namfunga ndugu yangu wa tumbo moja. Niliwasikiliza hadi wakamaliza, siku ya kesi nikaenda.

Siku alipotolewa nyuzi za kidole, mpiga picha aliniita studio. Kumbe zile picha za mama hakuzifuta. Alisema kila akitaka kuzifuta mkono ulikuwa mzito, akazihifadhi mahali pake, na sasa anaomba radhi kwa kuvunja ahadi aliyompa marehemu. Nami nilimwomba radhi kwa kumwita mwongo mbele ya watu. Tukakaa kwenye kompyuta yake tukazipitia picha sitini na moja, moja baada ya nyingine. Katika moja mama ameachia mtandio, anacheka na mtu asiyeonekana, na alama za vidole vinne zimesimama shavuni chini ya poda.

Nilimwambia anichapishie hiyo, kubwa, ya ukutani. Akasema anaweza kulisafisha lile shavu, uvimbe usionekane kabisa.

Nikamwambia aliache.