Pete Iliyogoma

Kitu cha kwanza alichokigusa fundi kwenye ile injini kilikuwa laini, na nje ya injini hakuna kitu laini. Akakichokonoa kwa ukucha, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Chingamu. Ilikuwa imetafunwa ikatafunika, ikabandikwa pale mafuta yalipokuwa yakivuja, na alama za meno zimo bado. Meno ya shemeji yake. Aliyafahamu vizuri, maana aliyaona kila siku mezani kwake yakiwa kazini.

Akaitupa, akafuta kidole kwenye ovaroli, akakinusa, akakifuta tena.

Shemeji huyo, mdogo wake mkewe, alikuja kupumzika siku mbili akiikokota pikipiki iliyokufa, na tangu hapo hakubanduka. Kazi alikuwa nayo, ya kusambaza mitungi ya gesi katika mji wa jirani, na bosi wake bado alikuwa anamngoja, jambo ambalo fundi hakuacha kulistaajabia. Kilichokosekana ni pikipiki tu. Mke alishasema: siku itakapowaka, mdogo wake ataondoka. Kabla ya hapo hatafukuzwa kama kuku.

Kwa hiyo fundi alikuwa akiingia kuoga na kukuta taulo lake limeshalowa. Shemeji alikata kucha za miguu akiwa amejinyoosha kwenye kochi, na vipande vikaingia kwenye mikunjo ya kochi, na fundi alishakikalia kimoja. Chai aliinywa kwa kuivuta mpaka majirani wakajua kwamba anakunywa chai.

Sasa injini ilikuwa imefunguliwa juu ya meza ya gereji. Beringi ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, ilikuwa imesambaratika. Gololi zilitoka zenyewe, pete ya ndani nayo ikatoka, lakini pete ya nje ilibaki imeng'ang'ania kwenye shimo lake ndani ya kasha la injini. Shimo lenyewe halikutokeza upande wa pili, kwa hiyo huwezi kuigonga kwa nyuma. Shemeji alikuwa ameshajaribu kuing'oa kwa tindo na nyundo kabla hajaileta, na alumini yote ya pembeni ilikuwa kama imegugunwa na panya. Fundi alipitisha kidole kwenye yale makovu. Kasha la aina ile halikupatikana tena popote. Likipasuka, pikipiki imekwisha, na taulo litakuwa linalowa maisha yake yote.

Akaliweka kasha juu ya bati, bati juu ya jiko la mkaa, akawa analigeuzageuza lipate moto sawasawa, maana alumini hutanuka kuliko chuma, na pete ikilegea hudondoka yenyewe. Alipolitemea mate, mate yakarukaruka na kukauka. Akalikamata kwa matambara, akaligeuza, akaligongesha kwenye ubao. Hakikutoka kitu ila moshi, wenye harufu ya mafuta machafu na ya gundi. Gundi ilitoka wapi?

Shemeji alikuwa amevuta kigoda, anatazama, anachokonoa meno.

"Shemeji, ungeitia tindo hapo pembeni," akasema. "Mimi ilikuwa imeanza kunielewa."

"Hicho unachochokonolea meno ni kipimo changu cha vali."

"Niliona ni chembamba." Akakifuta kwenye suruali, akakirudisha kwenye boksi lake kwa adabu zote.

Fundi akabeba kasha hadi kwa jirani yake, mchomeleaji waliyemwita Cheche. Alimwomba azungushe mstari wa moto ndani ya pete tu, asiguse alumini, kwa sababu chuma kilichochomelewa kikipoa husinyaa. Cheche alichomelea polepole, akavua miwani, wakasubiri.

"Kumbe ni rahisi hivi," Cheche akasema. "Huyo shemeji yako naye ungeniletea nimzungushie moja."

Pete ikadondoka mezani, ting.

Nyuma yake ikafuata takataka nyeusi ya gundi, na ndani ya gundi kipande cha bati kilichopinda, chenye picha ya chungwa. Kopo la soda. Shimo lilikuwa limelika, beringi imelegea, na shemeji alikuwa ameizungushia kopo la soda akaimwagia gundi. Cheche alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi alikishika kile kipande kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekuta unywele kwenye tonge.

Dawa yake ilijulikana: kasha liende kwa fundi wa kukereza, shimo lipanuliwe, livishwe kikombe kipya cha chuma. Lakini yule ana foleni, mwezi mzima. Au basi, ujanja uleule wa kopo. Fundi akaokota kopo uani, akakata utepe, akauzungusha kwenye beringi mpya. Ukakaa vizuri kabisa, na huko kukaa vizuri ndiko kulikomtia kinyaa zaidi. Kesho jioni shemeji angekuwa barabarani na begi lake.

Akaiona kichwani mwake: barabarani, na mitungi ya gesi mgongoni mwa pikipiki, beringi ikazunguka shimoni mwake, krenki ikakwama, tairi la nyuma likakaza. Fundi alimwona ameanguka. Halafu akamwona amerudi, mguu umefungwa plasta, kwenye kochi lilelile, akikatwa kucha na dada yake. Ni picha ipi iliyomzuia, hata mwenyewe hakujua. Akautupa ule utepe, akampelekea mkerezaji kasha.

Nyumbani alisema wazi mbele ya wote wawili: pete imetoka, lakini pikipiki haiwaki kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu ikiwaka sasa itamuua mtu.

Macho ya shemeji yakalowa.

"Dada, si nilikwambia," akasema. "Huyu mtu ananipenda."

Akainuka, akamkumbatia. Mke alimtazama mumewe kama alivyokuwa akimtazama zamani, na fundi akasimama palepale, mikono imening'inia, kidevu kimekandamizwa kwenye kitu chenye maji na harufu ya kwapa kilichokuwa shingoni mwa shemeji.

Lilikuwa taulo lake.