Makabidhiano ya Pumu

Zahanati ya kikosi ilikuwa na madirisha mawili ya dawa, yote ya rangi ya kijani, na yote yalifunguliwa saa mbili kamili asubuhi. La kwanza lilikuwa la askari. La pili lilikuwa la familia za askari, yaani wake, watoto, wazazi waliosajiliwa, na pamoja nao wastaafu, ambao jeshi liliwahesabu upande wa akina mama kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kuieleza. Jumanne moja ya Agosti 1994, Wilhelmina alikuwa wa tatu kwenye foleni ya dirisha la pili. Mkononi alishika kitambulisho cha mtegemezi na cheti cha daktari. Kifuani alikuwa na pumu iliyopiga mluzi tangu alfajiri.

Nyuma ya dirisha alikaa nesi Odeta, Mhaya mwenzake, anafuma sweta la mtoto. Alikuwa mama mpole. Alipokea kila kitambulisho kwa mikono miwili, akakisoma chote, akaandika jina kwenye rejista, kisha akatoa jibu lile lile alilowapa wawili wa mbele.

"Haki yako ipo, dada," alimwambia Wilhelmina. "Dawa ndiyo haipo."

Tangu mambo ya soko huria yaanze, rafu ya familia haikuwa imeona hata chupa moja ya dawa ya kikohozi. Rafu ya askari, futi mbili tu kando yake, ilikuwa na kila kitu. Vidonge vya pumu vilikuwepo, katika kopo jeupe lenye kifuniko cha bluu, karibu kabisa na kiwiko cha Odeta. Wilhelmina alilitazama kopo, Odeta naye akalitazama. Lakini dawa ya dirisha la kwanza haitoki kwa dirisha la pili, na Odeta hakuwa mwizi. Mjini nako maduka ya dawa yalikuwa yamechipuka kama uyoga, yana vioo na taa, na bei ambazo ukizisikia tu kifua kinabana upya. Basi Wilhelmina alishukuru, akarudi zake Kirumba.

Pale Mwaloni, soko la dagaa kando ya ziwa, kazi yake ilikuwa kuchekecha dagaa kutoa mchanga, na mchanga wa dagaa hauna huruma na mtu. Mara mbili mwezi ule alirudishwa nyumbani amebebwa kwenye baiskeli. Mama yake mzazi alikufa kwa pumu hiyo hiyo kule Bukoba akiwa na miaka arobaini. Wilhelmina alikuwa na thelathini na minane. Hesabu hiyo aliijua vizuri, na ilimtisha.

Mumewe, Koplo Mayala, Msukuma wa Magu, alikuwa mlinzi wa geti mwaka wa kumi na moja. Kazi ya geti ni kukabidhiana. Anayetoka zamu anataja kila kilichopo lindoni, anayeingia anauliza kama kuna upungufu, kisha wote wanasaini. Mayala alikuwa ameizoea kazi hiyo mpaka ikamwingia damuni. Hata mahari alipoipeleka Bukoba aliikabidhi kwa orodha, akawadai wajomba wa bibi harusi wasaini, na watani zake Wahaya mpaka leo wanamcheka.

Mchana wa Jumanne ile alitoka zamu akamkuta mkewe ameinama juu ya kiti, hawezi kumaliza sentensi. Mayala hakupiga kelele. Alichukua daftari la shule la binti yao Hellen, akafungua ukurasa mpya, akapiga mstari katikati.

"Kabidhi, Mama Hellen," alisema.

Wilhelmina hakuwa na pumzi ya kubishana. Akataja kifua kimoja, kinabana. Mluzi mmoja wa kuvuta na mmoja wa kutoa. Kubanwa kwa alfajiri. Mayala akaandika yote, akauliza kama kuna upungufu, akaambiwa hakuna.

"Nimepokea," alisema, akasaini. Mkewe naye akasaini, na pumu ikahama.

Wilhelmina alikaa wima, akavuta hewa mpaka chini kabisa ya mbavu, mahali ambapo hewa haikuwa imefika tangu mvua za masika. Mayala alishika ukingo wa meza. Alisema kumbe ni nzito hivi, na mkewe akamwambia ndiyo, ni nzito. Kitu kimoja tu hakikuhama. Wilhelmina alikuwa amesahau kutaja kikohozi, kwa hiyo kikohozi kilibaki kwake, na hapo wakajua kwamba kisichoandikwa hakiendi.

Asubuhi iliyofuata Mayala alikwenda zahanati kwa mwendo wa pole. Daktari wa kikosi, Kapteni Rweyemamu, alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni.

"Hii pumu ya mke wako," alisema daktari, ambaye alikuwa ameitibu kwa miaka sita na aliujua mluzi wake.

"Ndiyo, afande. Nimeipokea jana saa saba mchana."

Daktari aliomba kuona daftari, akaona saini ziko sawa, akaandika cheti. Dirisha la kwanza likatoa vidonge vya siku tatu katika bahasha ya kaki, kimoja mara tatu, baada ya chakula. Mayala akarudi nyumbani, akamkabidhi mkewe pumu pamoja na bahasha, naye akameza. Tangu siku hiyo wakawa wanafanya hivyo kila Jumanne na kila Ijumaa, na Wilhelmina hakubebwa tena kwenye baiskeli.

Mjini Mwanza siri haikai. Kashindye, jirani yao wa mlango wa pili, alikuwa na mimba ya kwanza inayomsumbua, na mumewe Praiveti Maige alikuwa na tabia ya kumuuliza kutwa nzima anachoka na nini. Kashindye alinunua daftari. Akamkabidhi Maige kichefuchefu, kiungulia, miguu kuvimba na usingizi wa mchana, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika kwa ukamilifu, akaongeza na mtoto kucheza. Mtoto mwenyewe alibaki mahali pake, lakini mateke yake Maige aliyabeba gwarideni, mkono mmoja kwenye bunduki na mwingine kiunoni. Daktari akamwandikia vidonge vya damu. Maige hakuuliza tena mtu anachoka na nini.

Kufikia Krismasi kikosi kizima kilikuwa na madaftari. Sajenti mmoja alikuja dirishani na baridi yabisi ya mama yake, mwingine na macho ya baba mkwe. Luteni alikuja na matumbwitumbwi ya mwanawe, mashavu yamemjaa, na watu wakampigia saluti kama kawaida. Gwaride la Ijumaa lilianza kwenda taratibu, maana nusu ya kikosi walikuwa wanawake wajawazito, wazee na watoto kwa muda wa asubuhi ile. Nyumbani, kwa upande mwingine, mambo yalikuwa mazuri. Wazee walicheza ngoma, na akina mama walitoka mbali kule Kiseke mpaka sokoni kwa miguu wakiimba.

Dirisha la pili lilikuwa wazi siku zote, lakini hakuna aliyekwenda. Odeta alimaliza sweta la kwanza, la pili na la tatu. Kila baada ya miezi mitatu alipaswa kutuma makao makuu idadi ya wagonjwa wa familia waliofika, naye alikuwa mwaminifu. Akaandika sifuri.

Jibu lilikuja Februari, likiwa na mihuri miwili. Kikosi kilipongezwa kwa kuwa na familia zenye afya kuliko vikosi vyote. Kwa kuwa familia hizo haziugui, barua iliendelea, rafu yao haihitajiki na itumike kuhifadhi rangi za majengo. Barua ya pili ilikuja siku hiyo hiyo katika bahasha nyingine. Hiyo ilisema askari wa kikosi wanaugua kupita kiasi, na bodi ya madaktari iko njiani.

Daktari Rweyemamu alikesha akiandika kurasa tatu. Alieleza jambo zima tangu mwanzo, akaomba kitu kimoja tu, kwamba kopo jeupe lenye kifuniko cha bluu, na mengine ya jirani yake, yaruhusiwe kusogea futi mbili kwenda kushoto. Alijibiwa kwa mstari mmoja kwamba barua yake imepokelewa.

Bodi ilikuwa ya watu watatu kutoka Dar es Salaam, wapole, wenye haraka ya kurudi. Walikuja Ijumaa. Laiti wangekuja Alhamisi wangekuta kikosi cha simba, lakini Ijumaa ilikuwa siku ya dawa na kila mtu alikuwa na mzigo wa nyumbani kwake. Maige walimkuta na dalili zote za mimba ya miezi minane. Waliona kwamba mimba si ugonjwa, wakampa likizo ya siku themanini na nne yenye mshahara. Kashindye alijifungua mtoto wa kike mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, na Jumatatu akawa sokoni anauza nyanya.

Mayala alipofika mbele yao alisimama sawasawa na kusema ukweli, kwamba pumu ni ya mkewe na yeye ameishika kwa ajili ya dirisha. Akatoa daftari kama ushahidi. Mwenyekiti wa bodi alivaa miwani, akasoma kurasa kadhaa kwa makini, akasifu mwandiko.

"Umeandika mwenyewe nimepokea, hakuna upungufu," alisema. "Saini hii ni yako, koplo. Basi na ugonjwa ni wako."

Wakamstaafisha kwa maradhi, yeye na wenzake kumi na wanne. Barua ilisema jeshi linamshukuru kwa utumishi wake, na kwamba atazidi kuwa na haki ya matibabu na dawa maisha yake yote, kupitia dirisha linalohusika.

Siku ya Jumanne alikwenda kwenye dirisha linalohusika. Hakuvaa sare. Alivaa shati la harusi yake, na pumu alikuwa nayo kifuani, maana hakutaka kwenda mikono mitupu. Odeta aliweka chini sweta la nne, akapokea kitambulisho kwa mikono miwili, akaandika jina. Lilikuwa jina la kwanza katika ukurasa ule. Nyuma yake, kwenye rafu ya familia, madebe ya rangi nyeupe yalikuwa yamepangwa vizuri sana.

"Haki yako ipo, shemeji," alisema. "Dawa ndiyo haipo." Halafu akasema, "Naona aibu." Mayala alimwambia asijali, akashukuru, akatoka.

Nyumbani Wilhelmina alikuwa ameshafungua daftari na kunyoosha mkono apokee mali yake. Mayala alikataa. Alisema alikwishaambiwa na watu wa Dar kwamba ni yake, kwa muhuri. Wilhelmina alikasirika. Alimwambia pumu ile ilitoka kwa mama yake mzazi, ilivuka ziwa pamoja naye ndani ya meli, na hakuna Msukuma yeyote wa Magu atakayeimaliza peke yake. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana kama watu wa geti wanavyokubaliana, kwa zamu. Mmoja angeishika kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka kesho yake saa hiyo hiyo, na siku hiyo angekaa nyumbani kupika na kupumzisha kifua. Mwenzake, mwenye mapafu mawili mazima, angekwenda Mwaloni kuchekecha dagaa.

Ndivyo walivyoishi. Watu wa Mwaloni walizoea kumwona koplo mstaafu siku moja na mkewe siku ya pili, wakishika chekecheke lile lile. Daktari Rweyemamu alipopata vidonge kwa pesa ya mfukoni mwake mwenyewe aliwapelekea, na asipopata aliwapelekea pole. Mwaka 1996 Wilhelmina alitimiza miaka arobaini. Asubuhi ile aliamka akiwa hana pumu, kwa kuwa haikuwa zamu yake, akakaa kitandani kidogo akivuta hewa na kumshukuru Mungu, huku akimsikiliza mumewe akipiga mluzi kando yake.

Jioni alirudi ana magamba ya dagaa mikononi, akanawa, akaketi mezani. Mayala alikuwa amevaa shati la harusi kwa heshima ya siku yenyewe. Alifungua daftari, la tisa sasa, akasoma orodha polepole kwa sababu ya pumzi. Kifua kimoja, kinabana. Mluzi mmoja wa kuvuta. Mluzi mmoja wa kutoa. Kikohozi kimoja kikavu. Akaweka nukta, akamsogezea kalamu.

Wilhelmina aliijua orodha ile kwa moyo. "Umesahau kubanwa kwa alfajiri," alisema.

"Sijasahau," Mayala alisema, akasaini.

Wilhelmina akachukua kalamu, akaandika amepokea, hakuna upungufu, akasaini naye. Jioni iliyofuata zamu ya kukabidhi ilikuwa yake, na yeye akasahau kikohozi.